Mikrobe Anavaa Koti la Sukari



Mwezi wa 6 na mwezi wa 7 unazijua vizuri. Asubuhi baridi ya Likasi inauma masikio. Watu wa posti ya asubuhi wanakwenda Shituru na Panda wamejifunika mpaka kwenye pua. Nyumbani milango na madirisha vimefungwa, mbabula iko katikati ya chumba, na watoto watano wanalala juu ya kitanda kimoja ili wapate joto. Katika majira hayo dispensari inajaa watu wanaokohoa. Wengi wana mafua tu. Lakini katikati yao yuko mmoja mwenye nimonia, na ni kwa ajili ya huyo mmoja ninaandika leo.

Nitakueleza juu ya mikrobe anayevaa koti la sukari, na namna waganga walivyomvua koti hilo wakalifanya dawa ya kukukinga. Usicheke. Habari hii ni ya kweli, tena inatuhusu sisi watu wa migodi kuliko watu wengine wote.

NDUGU YETU ALIYECHELEWA

Kwanza nikuambie jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Mwaka mmoja, siku ya posho, nilikuwa natoka sokoni na bibi yangu. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma alinisimamisha njiani. Aliniambia: « Dokta, tangu jana nasikia baridi kali, na ubavu huu unanichoma kama kisu. » Mimi nilikuwa na haraka. Nilimjibu: « Ni mafua ya majira, baba. Meza dawa ya homa, ulale, na kazi moja uje nikuone. » Sikumwekea hata mkono juu ya kifua.

Kazi moja hakuja. Alikuja kazi mbili jioni, majirani wawili wamemshika mikono. Alikuwa anapumua mbiombio kama mtu aliyepanda mlima, midomo imekuwa myeusi, makohozi yana rangi ya kutu ya chuma. Tulimpiga sindano ya penisilini saa ile ile, tukamtuma lopitali. Kule walimpa hewa ya oksijeni na dawa zote walizokuwa nazo. Kazi ine kabla ya jua kutoka alikufa. Aliacha bibi na watoto wanne.

Watu waliuliza: « Je, penisilini haina nguvu tena? » Nguvu ilikuwepo. Lakini ilifika siku ya tano. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini siku hizo zilikuwa na maana kubwa hivyo.

SUKARI GANI HIYO?

Unapokula bukari, wewe unakula polisakaridi. Neno ni refu, lakini maana yake ni rahisi: sukari nyingi ndogondogo zimeshikamana mfululizo, kama shanga kwenye uzi. Ndiyo maana ukitafuna bukari kwa muda mrefu, mdomoni inaanza kuwa tamu kidogo: mate yanakata uzi, shanga zinatoka mojamoja. Mahindi na muhogo vinatengeneza polisakaridi ili viweke akiba ya chakula. Bakteria wengi nao wanatengeneza za kwao, lakini kwa kazi nyingine. Wanajifunika nazo. Ni koti lao.

Anayeleta nimonia mara nyingi kwa mtu mzima anaitwa nimokoko. Alitengwa mara ya kwanza mwaka 1881, na watu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi yake peke yake: Louis Pasteur katika Ufaransa na George Sternberg katika Marekani. Anaishi ndani ya pua na koo za watu wazima wengi, na zaidi za watoto, bila kuwasumbua. Ubaya unaanza siku anaposhuka kwenye mapafu.

Mwilini mwako kuna askari: chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kukamata mikrobe na kummeza. Lakini je, umekwisha kujaribu kumshika kambale kwa mikono mitupu? Anateleza. Nimokoko naye, kwa sababu ya koti lake la sukari, anawateleza askari wako. Mama anayejua kazi yake anatia majivu mikononi kabla ya kumshika kambale. Majivu ya mwili yanaitwa antikorpa. Zinanata juu ya koti la mikrobe, na hapo askari wanapata mahali pa kushika.

Shida ni hii: mwili haujui kutengeneza majivu hayo mpaka ulione koti kwanza. Kwa mtu ambaye hajapata kuliona, kazi hiyo inachukua siku nyingi. Katika siku hizo mikrobe anazaana ndani ya mapafu, na mapafu yanajaa maji na usaha.

Tena, koti si la namna moja. Leo waganga wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 100 za nimokoko, kila aina na koti lake. Ni kama nguo za kazi: mlinzi wa mlango aliyezoea nguo za usini moja hatazitambua nguo za usini nyingine.

HABARI HII ILIANZA KWENYE MIGODI

Sasa twende kusini, Witwatersrand, karibu na Johannesburg, mahali pa migodi ya dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wengi walitoka mbali, Msumbiji na Nyasaland (ndiyo Malawi ya leo), kwenda kufanya kazi kule. Walilazwa wengi pamoja ndani ya vyumba vikubwa. Walitoka kwenye joto la shimo wakaingia katika baridi ya usiku. Wengi hawakumaliza hata miezi yao ya kwanza: nimonia iliwachukua. Vifo vilizidi hata mwaka 1913 serikali ya Afrika ya Kusini ilikataza kuandika wafanyakazi waliotoka kaskazini ya mstari wa 22 wa ramani.

Wakubwa wa migodi walikuwa wamemwita munganga wa Uingereza, Almroth Wright, mwaka 1911. Yeye alichukua nimokoko, akawaua, akawapiga wachimbaji sindano za mikrobe hao waliokufa. Haikuwa na faida ya wazi, kwa maana Wright hakujua bado kwamba nimokoko ana makoti mengi. Baada yake Spencer Lister, katika chuo cha utafiti wa dawa cha Johannesburg, aliwatenga nimokoko kwa aina zao na kutengeneza chanjo nyingine. Mwaka 1913 pia alifika munganga Mwamerika William Gorgas, yule aliyepunguza homa ya manjano na malaria wakati wa kuchimba mfereji wa Panama. Shauri lake lilikuwa la fundi wa nyumba kuliko la munganga: watu wasisongamane mahali pa kulala. Shauri hilo halijazeeka mpaka leo.

Mwaka 1923, katika New York, Michael Heidelberger na Oswald Avery waliangalia kile kitu kinachomfunika nimokoko. Wengi walifikiri ni protini, kama nyama au ute wa yai. Wao waliona kwamba ni sukari, ni polisakaridi. Mwaka 1930 wengine walionyesha kwamba ukimpiga mtu sindano ya sukari ile peke yake, iliyosafishwa, bila mikrobe, mwili wake unatengeneza antikorpa. Basi haikuwa lazima tena kumtia mtu mikrobe mzima. Koti peke yake lilitosha.

Wakati wa vita kubwa ya pili jambo hilo lilijaribiwa kwa askari wa Marekani kama 17,000 waliokuwa wakijifunza kazi huko Sioux Falls. Nusu yao walichanjwa kwa sukari za aina 4. Nimonia ya aina zile 4 karibu ipotee kwa waliochanjwa. Chanjo ikaanza kuuzwa. Lakini miaka ile ile penisilini ilikuwa imefika. Waganga walisema: « Chanjo ya nini? Mtu akiugua tutampiga sindano, atapona. » Chanjo ikaachwa.

Mtu mmoja hakukubali. Jina lake Robert Austrian, munganga wa Marekani. Alihesabu wagonjwa wake wa nimonia kwa miaka mingi, na mwaka 1964 yeye na mwenzake waliandika neno ambalo liliwashtua wengi: kwa wagonjwa ambao ugonjwa uliwakamata kwa nguvu na kuwaua katika siku 5 za kwanza, penisilini haikubadilisha karibu kitu. Wao walikufa kama watu wa zamani ambao hawakuwa na penisilini. Dawa inaua mikrobe, ndiyo, lakini haiwezi kurudisha mapafu yaliyokwisha kuharibika.

Ndugu, nilipolisoma neno hilo nilimkumbuka yule fundi wa kuchomea vyuma.

Austrian alitaka kujaribu chanjo mpya. Je, alikwenda wapi? Alirudi palepale, kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika ya Kusini, maana nimonia ilikuwa haijawaacha. Katika miaka ya 1970 wachimbaji wapya wapatao 12,000 waliingia katika majaribio yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 1976: chanjo ilipunguza nimonia ya aina zilizokuwa ndani yake kwa zaidi ya 78 katika 100. Mwaka 1977 Marekani ilikubali chanjo yenye sukari za aina 14, na mwaka 1983 yenye sukari za aina 23.

Fikiri kidogo juu ya hiyo ya aina 23. Ndani yake hamna mikrobe hata mmoja, si mzima wala mfu. Kuna mikrogramu 25 za kila sukari. Zote pamoja hazifiki hata gramu moja iliyogawanywa mara elfu. Chembe moja ya chumvi ya mawe inaweza kuzishinda kwa uzito. Tena, mzee mwenye ugonjwa wa sukari asiogope: sukari hiyo haitapandisha sukari ya damu yake.

Basi, siku mtu atakapokuambia chanjo ya nimonia ni kitu cha Wazungu tu, mwambie: ilithibitishwa kwenye mapafu ya Waafrika wa migodini. Vijana wengi waliokwisha kuzikwa kule Rand ndio waliowalazimisha waganga kutafuta.

MTOTO MDOGO NA KOTI LILILOSHONWA

Kulikuwa na tatizo moja. Mwili wa mtoto mwenye umri chini ya miaka 2 hauoni sukari vizuri. Unampiga sindano ya sukari peke yake, mwili wake unakaa kimya. Na huyo mtoto ndiye nimokoko anayempenda kuliko wote.

Waganga wakafanya kazi ya fundi cherehani. Walichukua sukari ya koti wakaishona kwenye protini ambayo mwili wa mtoto unaitambua, kwa mfano protini ya difteria au ya pepopunda iliyoondolewa sumu yake. Mwili ukiona protini unaamka. Ukiamka unaiona na sukari iliyoshonwa juu yake. Na mara hii hausahau. Avery na mwenzake walikwisha kuonyesha njia hiyo kwa sungura karibu na mwaka 1930, lakini chanjo ya kwanza ya watoto ya namna hiyo ilikubaliwa Marekani mwaka 1987 tu, kwa mikrobe mwingine anayeitwa Hib, ambaye analeta nimonia na meninjiti. Ile ya nimokoko ilifuata mwaka 2000.

Je, inafaa kitu? Angalia Kilifi, pwani ya Kenya. Waganga wa kule walihesabu watoto wagonjwa kwa miaka mingi kabla na baada ya chanjo ya nimokoko kuanza mwaka 2011. Kwa watoto chini ya miaka 5, ugonjwa mkali wa zile aina zilizomo ndani ya chanjo ulipungua kwa 92 katika 100. Hata wakubwa ambao hawakuchanjwa walipata faida, kwa maana mtoto aliyechanjwa habebi tena mara nyingi mikrobe wale ndani ya pua na kuwapa babu na bibi.

Hapa Kongo, sukari ya Hib imo ndani ya ile sindano moja inayokinga magonjwa 5, na chanjo ya nimokoko ilianza kuingia katika kalenda ya watoto mwaka 2011. Tarehe zake mama anazijua: juma la 6, juma la 10, juma la 14. Mara tatu, si mara moja. Mtoto aliyechanjwa mara moja akaachwa ni kama nyumba iliyojengwa mpaka madirisha, ikakosa mabati.

Neno moja kwa wazazi wenye mtoto wa SS, wale watoto wenye macho ya manjano na maumivu ya mifupa. Bandama ya mtoto huyo inaharibika mapema, na bandama ndiyo inayochuja nimokoko kutoka damu. Kwake nimokoko anaweza kuua katika siku moja. Mtoto wa SS asikose hata chanjo moja. Akipata homa, usingoje asubuhi: mlete hata usiku.

MENINJITI NA TIFOIDE

Nimokoko hayuko peke yake. Meningokoko, anayeleta homa ya uti wa mgongo, naye anavaa koti la sukari. Chanjo ya koti lake ilitengenezwa mwisho wa miaka ya 1960 kwa ajili ya askari wa Marekani. Baadaye, kwa Afrika, walishona sukari ya aina A kwenye protini ya pepopunda. Chanjo hiyo, MenAfriVac, ilianza Burkina Faso mwezi wa 12 mwaka 2010, na bei yake ilikuwa chini ya nusu dola. Zaidi ya watu milioni 300 walichanjwa, na aina A iliyokuwa inamaliza vijiji imenyamaza.

Lakini kumbuka habari ya makoti. Mwaka 2021, Banalia, katika Tshopo, meninjiti ya aina W iliingia. Watu 2,662 waliugua na 205 walikufa. Chanjo ya A haiwezi kuzuia W. Ilibidi kuleta ingine yenye sukari za aina nne.

Mikrobe wa tifoide naye ana koti, linaloitwa Vi. Mwisho wa mwaka 2004 na mwanzo wa 2005 tifoide iliwapiga watu zaidi ya 42,000 katika nchi yetu, hasa Kinshasa, na 214 walikufa. Mamia walitoboka matumbo. Chanjo ya sukari ya Vi ilijaribiwa katika miaka ya 1980 huko Nepali na Afrika ya Kusini. Ile iliyoshonwa kwenye protini, inayofaa hata watoto wadogo, Zimbabwe ilianza kuitumia kwa watoto wote mwaka 2021 na Malawi mwaka 2023. Lakini usijidanganye: hakuna sindano inayofanya maji machafu yawe safi. Chemsha maji, nawa mikono, funika choo.

SUKARI ZINGINE ZA MIKROBE

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa usalama pia, nitaje sukari ingine. Katika viwanda vya sukari kuna bakteria mmoja, Leuconostoc, anayeharibu maji ya miwa na kuyafanya mazito kama ute wa bamia. Ute huo ni polisakaridi inayoitwa dekstrani. Miaka ya 1940, katika Sweden, waliona kwamba dekstrani iliyokatwakatwa vizuri na kuchanganywa na maji inaweza kukaa ndani ya mishipa na kushika nafasi ya maji ya damu. Ilisaidia askari wengi waliojeruhiwa katika vita ya Korea. Mtu aliyekatwa mguu na mashine anaweza kufa kwa sababu mishipa imebaki bila kitu, na dekstrani ilimpa muda wa kufika kwenye kitanda cha kupasuliwa. Siku hizi waganga wengi wanatumia zaidi maji ya chumvi na damu, kwa kuwa dekstrani mara nyingine inaleta mzio mkali. Lakini dekstrani iliyofungwa pamoja na chuma bado inatolewa kwa sindano kwa watu waliopungukiwa na damu, wakati vidonge havifai.

Bakteria wengine wanalishwa ndani ya mapipa ili watoe asidi ya hialuroni, ute unaotumika wakati wa kupasua mtoto wa jicho ili jicho lisianguke ndani. Ona basi: mikrobe si adui siku zote. Ukimjua, unamfanyisha kazi.

SISI WA KAZI TUFANYE NINI?

Nimokoko anapenda mapafu yaliyokwisha kuumizwa. Vumbi la mawe linayaumiza. Sigara inayaumiza. Moshi wa kuchomea vyuma nao: unasaidia nimokoko kunata ndani ya mapafu, na ndiyo sababu katika Uingereza wakubwa wa afya wanashauri mafundi wanaokaa katika moshi huo wachanjwe chanjo ya nimokoko. Pombe nyingi inalaza askari wa damu. Ukimwi na kisukari vinawapunguza nguvu. Basi nakuomba ushike haya:

1. Loweka mawe kabla ya kuyatoboa au kuyapakia. Vumbi lililoloweshwa haliingii mapafuni. Maske yako ivae puani. Shingoni haina kazi.

2. Fundi wa kuchomea, usichomee ndani ya tangi au chumba kilichofungwa bila upepo wa mashine. Geuza mgongo kwa upepo, moshi usipite usoni pako.

3. Usiku wa baridi, mbabula itoke nje kabla ya kulala. Moshi wake unaua haraka kuliko nimonia. Acha dirisha wazi kidogo.

4. Ukisikia baridi ya ghafula, homa kali, ubavu unaochoma ukivuta pumzi, au makohozi ya rangi ya kutu, njoo siku ile ile. Usingoje mwisho wa posti, usingoje kazi moja. Kupoteza siku moja ya kazi si kitu.

5. Kwa mtoto, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2: zikifika 60, ni hatari. Kutoka miezi 2 mpaka mwaka 1: 50. Kutoka mwaka 1 mpaka miaka 5: 40. Kama kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, usihesabu tena, kimbia.

6. Shingo iliyokakamaa, kichwa kikali na kutapika, au utosi wa mtoto uliovimba: ni lopitali mara moja.

7. Kama una kisukari, ukimwi, ugonjwa wa vumbi, au ulitolewa bandama, muulize munganga juu ya chanjo ya nimokoko ya watu wazima. Haipo kila mahali, lakini kuuliza hakulipwi.

8. Fungua karatasi ya chanjo ya kila mtoto leo jioni. Kama kuna nafasi tupu, usione haya. Wauguzi hawatakugombeza, watachanja.

NENO LA MWISHO

Bibi wa yule fundi alikuja dispensari majuma matatu baada ya matanga, mtoto wa mwisho mgongoni. Hakuja kunilaumu, ingawa angekuwa na haki. Alinipa karatasi ya chanjo ya mtoto. Juma la 6 lilikuwa limeandikwa. Juma la 10 na la 14 yalikuwa meupe: siku za wito wa chanjo zilikuwa zimepita nyumba ikiwa na kilio. Alisema: « Dokta, huyu asichelewe kama baba yake. »

Tulimchanja siku ile. Baada ya majuma manne alirudi, tukamaliza. Mimi tangu siku hiyo, mtu akinisimamisha njiani na kusema ubavu unamchoma, ninaweka mzigo wangu chini na kumsikiliza kifua, hata kama ni siku ya posho, hata kama bibi yangu ananiita. Na wewe, ndugu, nisimamishe. Usione haya.